Kitambaa kwenye Saa ya Joto

Baba alikufa Januari, katika mji wa Kanada ambao mimi sijaufikia mpaka leo. Alitoka asubuhi kusukuma theluji mlangoni, akaketi juu yake kama mtu anayepumzika, akabaki hapo. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akiishi pamoja na wazazi, ndiye aliyemkuta. Alinipigia simu Durban nikiwa kazini, shati limenigandama mgongoni kwa jasho, kwa sababu Januari ya kwetu huku ni mwezi wa joto la kunata. Nilikuwa nimeifungua simu ya mteja. Nilirudisha skrubu zote mahali pake, nikaiwasha kuhakikisha inawaka, ndipo nikatoka nje kulia. Sikulia sana. Jua lilikuwa kali na watu walikuwa wanapita.

Nilikuwa fundi wa simu mtaa wa Overport, kwenye safu ya maduka madogo yanayotazamana na kituo cha mafuta. Duka lilikuwa la mwenzetu mmoja kutoka Bukavu ambaye sote tulimwita bosi. Ukuta wetu wa kulia ulipakana na saluni ya akina mama wa Kikongo, na mlango wa katikati haukufungwa, kwa hiyo msiba wangu waliujua kabla sijarudi kitini. Shule niliachia darasa la sita. Ufundi nilijifunza kwa kuharibu simu za watu. Naliandika hili mapema kwa sababu baadaye walikuwepo watu wa kunifariji, wakisema ningejuaje, sikusoma. Kusoma najua. Na jambo lenyewe halikuhitaji shule.

Niliomba ruhusa ya siku tatu. Bosi alikuwa anahesabu makava ya simu kwenye boksi.

"Maiti iko wapi?" akauliza.

"Kanada."

"Na wewe uko wapi?"

Nilitazama lile boksi lake.

"Sasa siku tatu utazika nini, fundi? Kaa hapa, kazi itakusahaulisha. Jioni watakuja watu wa kanisa chumbani kwako, mtaimba."

Hakusema kwa ubaya. Wazazi wake wote wawili walizikwa yeye akiwa Durban, na mara zote mbili alifungua duka saa mbili asubuhi kama kawaida.

Kusafiri sikuweza hata kama bosi angenipa mwezi mzima. Wazazi na mdogo wangu walichukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi kwenda Kanada wakati mimi nilikuwa nimekwisha kutoroka kambi na kushuka kusini. Faili lao lilipoandikwa, baba aliulizwa ana watoto wangapi, akasema mmoja. Aliniambia mwenyewe kwa simu, bila kuomba radhi: "Ukitaja mtoto asiyekuwepo, faili inalala." Kwa hiyo kwenye karatasi za nchi ile, mzee aliyekufa kwenye theluji hakuwa na mtoto wa kiume. Nilikuwa na kibali cha mkimbizi cha Afrika Kusini kilichochakaa kwa kukunjwa, na sauti.

Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayeendesha matanga. Yeye ndiye husema nani alale wapi, nani apike, nini kisiguswe mpaka maiti iingie udongoni. Mimi ni wa kwanza. Sikuwa na tiketi, sikuwa na jeneza la kubeba, sikuwa na koleo la kumwagia baba udongo. Kitu pekee nilichobaki nacho kilikuwa kutoa amri, na nilizitoa zote.

Niliamuru mama alale chini, kwenye godoro, sebuleni, asitoke hapo ila kwenda chooni. Asipike. Asikae kitini. Avae nguo moja. Na vioo vyote vya nyumba vifunikwe, pamoja na kila kitu kinachorudisha sura ya mtu, kwa sababu marehemu ambaye hajazikwa hutembea ndani akitafuta njia ya kutoka, na akiiona sura yake hawezi tena kuondoka. Tunasali, tumebatizwa, na wachungaji hawapendi habari hii. Lakini sijaona nyumba ya ukoo wetu ambayo kioo kimeachwa wazi juu ya maiti.

"Kaka, hapa si kwetu," mdogo wangu alisema. "Hapa watu wanazika kwa miadi."

"Miadi ya lini?"

"Siku ya kumi na moja. Ardhi iko ngumu, na kuna wengine mbele yetu."

Kwetu vioo hufunikwa usiku mmoja, ukizidi sana ni miwili. Siku kumi na moja sikuwahi kuzisikia. Mtu mwenye akili angeuliza kama sheria iliyotengenezwa kwa usiku mmoja inaweza kubeba siku kumi na moja. Mimi nilisema, "Basi vifunikwe siku kumi na moja."

Alizunguka nyumba akipiga picha na kunitumia. Kioo cha bafuni chini ya taulo. Televisheni chini ya shuka. Mlango wa jiko la umeme chini ya kanga. Nilikuwa nazitazama picha hizo kama mkaguzi, chini ya feni ya duka, na nikamrudisha bafuni mara mbili kwa sababu taulo lilikuwa limeacha pembe. Kisha ikaja picha ya kitu cha mviringo kwenye ukuta wa korido, cheusi, chenye uso wa kioo, ukubwa wa kisahani cha chai. Ndani ya ule weusi nilimwona mdogo wangu mwenyewe, ameinua simu, macho yamevimba.

"Hii nayo?" aliandika. "Ni saa ya joto."

Wao waliiita hivyo. Jina lake halisi, themostati, nililijua siku zilizofuata. Mwenye nyumba aliifunga mwaka uliotangulia akawaambia wasihangaike nayo, ni mashine yenye akili, itajifunza yenyewe desturi za nyumba na kuwasha tanuri la chini kwa wakati wake.

"Inaonyesha sura yako?" nikaandika.

"Si unaniona."

"Funika."

Alichukua kitambaa cheusi cha kichwa cha mama, akakizungushia mashine ile na kukifunga kwa nyuma kama mtu anavyomfunga mtoto kofia. Akanitumia picha. Nikamjibu kwamba ni sawa.

Siku ya tatu niliongea na mama. Alikuwa na simu ndogo, ameiweka chini ya mto.

"Mwanangu, nasikia baridi."

"Ni baridi ya kufiwa, mama."

"Hapana, hii iko kwenye miguu."

"Itapita. Jifunike."

Nilipokata simu, mama mmoja wa saluni, mwenyewe mjane, aliniambia kupitia ule mlango wa katikati, mikono yake ikiendelea kusuka: "Fundi, mwache mama yako atetemeke. Mimi mume wangu alipokufa nilitetemeka mwezi mzima, na ilikuwa Lubumbashi, mwezi wa kumi, jua linachoma."

"Wewe ulitetemeka kwa hasira," mwenzake akamwambia. "Mwanamke wa pili alikuja matangani na watoto watatu."

"Wanne. Na wote na pua yake."

Walicheka mpaka mteja aliyekuwa anasukwa akalalamika kuwa anavutwa. Na mimi nilicheka. Ilinisaidia kuona kwamba baridi ya mama ilikuwa kitu kinachojulikana, chenye historia, ambacho kila mjane amepitia akaishi.

Siku ya nne mdogo wangu naye alilalamika. Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nyama, anaondoka alfajiri na kurudi jioni, na mle kiwandani walikuwa wakikata nguruwe kwenye ukumbi wa baridi. Aliposema nyumba ilikuwa baridi alipoingia, nilimsikiliza, kwa sababu yeye baridi aliijua.

"Kama kazini," alisema. "Nimeingia na koti na sikulivua."

"Funua ile saa, unisomee."

Alifunua. "Imewaka. Inaandika ishirini na moja kwa maandishi makubwa. Chini, kwa madogo, kumi na tatu."

"Kubwa ndiyo inayotaka kufika. Ndogo ndipo ilipo. Subiri."

Tulisubiri. Baada ya muda akasema anasikia tanuri likinguruma chini ya sakafu, na hewa ya moto imeanza kutoka kwenye matundu. Baada ya nusu saa akanitumia picha: ishirini na moja.

"Haina ugonjwa," nikasema. "Ifunike, ulale."

Kesho yake yale yale, na kesho kutwa. Kila jioni aliingia akaikuta nyumba imepoa, akafunua kitambaa kunisomea namba, na mbele ya macho yake tanuri likanguruma na nyumba ikapata moto. Kila jioni akaifunika tena. Mimi ni fundi. Niliutafuta ugonjwa huo kwa utaratibu. Nilimtuma achunguze madirisha. Nilimtuma aweke mkono kwenye kila tundu la hewa, akakuta moja liko chini ya godoro la mama, wakalisogeza godoro, na nikajisifu kidogo. Nilimtuma chumba cha chini, akafungua tanuri na kutoa chujio, akanipigia picha: lilikuwa na vumbi la kawaida. Nilimwambia azime swichi kuu, ahesabu mpaka sitini, awashe. Mashine ikajiwasha upya, ikauliza lugha, ikauliza mji, ikaendelea.

Kuna utani wa mafundi wa simu, kwamba simu ikifika mezani inapona. Mteja anakuja analia, anasema simu inazimika kila dakika, unaishika, haizimiki. Unamwambia aende, kesho anarudi. Wateja wa namna hiyo tulikuwa tunawasema nyuma ya pazia kuwa ni waongo, au wamechanganyikiwa, au wanataka mtu wa kuongea naye. Ndivyo nilivyoanza kumfikiria mama.

Mdogo wangu alimpigia mwenye nyumba pia. Yule bwana aliitazama mashine kutoka kwenye simu yake mwenyewe, huko alikokuwa.

"Anasema haina tatizo," mdogo wangu akaniambia. "Eti mashine inamwambia hatupo nyumbani."

"Anasema hampo?"

"Hatupo. Mama amekaa pale kwenye godoro tangu siku ya kwanza, yeye anasema hakuna mtu."

"Hao ndivyo wanavyotuona," nikasema, na tukalifanya neno hilo kuwa tusi, tukalichukia pamoja kwa dakika tano, tukapata nguvu. Lilikuwa jibu kamili la ugonjwa wote. Tuliliweka mkononi, tukalitupa.

Siku ya sita mama alinipigia yeye mwenyewe. Durban ilikuwa mchana, foleni ya wateja watano, na mvua imepita na kuacha mvuke ukipanda kutoka lami.

"Mwanangu, niruhusu nihamie chumbani. Kule kuna blanketi ya umeme ya baba yako."

"Mama, mjane halali kitandani kabla ya mazishi."

"Najua. Nauliza tu. Baridi hii inanikata."

Sasa nitaandika nilichomjibu kama nilivyomjibu. Nilisema: "Mama, mtoto wako anasimama siku nzima kwenye nyama iliyoganda na hasemi kitu. Wewe umekaa kwenye godoro. Kila jioni tunapima, joto lipo. Unataka tufanye nini tena?"

Kisha akasema, "Samahani kwa kukusumbua," maneno ambayo mama hakuwahi kuniambia maishani. Hakulalamika tena.

Siku ya nane nilimpigia, nikamwuliza habari ya baridi. Alikawia kujibu. Alisema, pole pole, kama mtu mwenye chakula mdomoni, "Sasa siisikii tena."

Nilifurahi. Niliwaambia akina mama wa saluni kwamba baridi ya mama imekwisha, na yule mjane akasema si nilikuambia.

Siku ya tisa aliingia dukani mwalimu wa shule wa kutoka Cato Manor, mwanamke mnene mwenye adabu, amekasirika. Simu yake ilikuwa ikizima kioo kila anapoongea na kukataa kuwaka tena. Alikuwa amekwisha kwenda kwa mafundi wawili, mmoja akambadilishia betri, mwingine akamwambia anunue simu mpya. Niliitazama. Ilikuwa na kava jipya la plastiki, zuri, lenye maua, na kava lile lilikuwa limepanda juu kidogo na kufunika kile kitundu kilicho karibu na spika ya sikioni. Huo ulikuwa ugonjwa nilioutibu karibu kila juma. Nililivua kava, nikampa simu.

"Jaribu sasa."

Akajaribu. Ikawaka.

"Eish. Ni hilo tu?"

"Kava lako limefunika jicho lake," nikamwambia, kama nilivyowaambia watu mara nyingi. "Simu ina jicho hapa juu, linatazama kama kuna mtu. Ukilifunika inadhani iko sikioni, inajizima yenyewe. Haijaharibika. Inafanya kazi yake."

Aliniuliza kama nitamkatia kava lile kitundu. Nilichukua kiwembe. Nilikuwa nimekwisha kukata upande mmoja wa mviringo ndipo mkono uliponisimama.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa sita, zamu yetu ya mgao, na kompyuta ya duka ilikuwa imezima. Nilifungua simu yangu, nikatafuta ile mashine kwa umbo lake, nikaipata, nikafungua kitabu chake cha maelezo. Kilikuwa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Nilisoma Kifaransa, kidole kikifuata mstari. Kilisema ndani ya kioo kuna jicho linalotazama nyendo za watu. Kilisema mashine isipoona mtu kwa muda wa saa mbili hivi, itahesabu kwamba wenyeji wametoka, na itaiacha nyumba ipoe ili kuokoa gesi, mpaka kiwango cha chini alichokiweka mwenye nyumba. Kilisema, kwa herufi nene, isifunikwe wala kuwekewa kitu mbele.

Kila jioni mdogo wangu alipofunua kitambaa, ilimwona. Ikafurahi, ikawasha moto. Akaifunika, ikangoja saa zake mbili, ikaamini nyumba haina mtu. Hata bila kitambaa isingemwona mama vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimemketisha chini sebuleni na kumkataza kutembea.

Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nane. Kwetu ilikuwa saa nane mchana, kwao alfajiri ya saa kumi na mbili, na mdogo wangu alikuwa amekwisha kuondoka. Simu yake hukaa kwenye kabati la kiwanda hadi jioni. Nilimpigia mama. Mara ya nne akapokea.

"Mama, inuka. Nenda kwenye korido, ukitoe kitambaa chako kwenye ile saa ya joto."

Nilisikia pumzi yake tu.

"Mama."

"Baba yako hajazikwa."

"Najua. Kitoe."

"Uliposema ifunikwe mdogo wako alikataa." Kila neno lilikuja peke yake. "Nikamwambia, kaka yako amesema."

"Na sasa kaka yake anasema kitolewe. Nilikosea, mama."

"Mkubwa hasemi mara mbili."

"Mama, inuka, nakuomba."

"Acha nilale kwanza. Hapa pazuri."

"Usilale. Mama, usilale."

Hakukata. Aliiweka simu kando tu. Nilisikia kitambaa kikisuguana, labda blanketi, na pumzi. Nilisikiliza kama kuna tanuri linanguruma. Hapakuwa na sauti yoyote. Niliita mpaka pesa ya simu ikaisha na laini ikakatika.

Yule mwalimu alikuwa bado amesimama, ameshika simu yake. Hakujua lugha yangu lakini alikuwa ameelewa kitu, akasema atarudi siku nyingine kuchukua kava. Bosi akaja kutoka nyuma.

"Nini?"

Nikamweleza kwa maneno machache.

"Wewe," akasema. "Fundi. Mwanaume mzima unamfunika mama yako na mashine yake." Kisha akatoa simu yake mfukoni akaisukuma mezani. "Piga. Piga kila mahali."

Ndipo nikagundua kwamba sikuwa na mahali pa kupiga. Katika siku tisa nilikuwa nimeijua nyumba ile mpaka pembe za taulo zake, najua kila kioo kiko wapi, na sikuwa na namba ya jirani hata mmoja. Namba ya mwenye nyumba alikuwa nayo mdogo wangu. Ya kanisa lao vile vile. Nilipekua mtandaoni nikapata kiwanda. Sauti ya mashine ilinituma huku na huku kwa Kiingereza, nikapotea, nikaanza upya, mpaka nikampata mwanamke. Kiingereza changu ni cha kuuza makava. Nilimtajia jina la mdogo wangu, nikasema mama, nikasema baridi, nikasema kitambaa. Aliniuliza polepole kama ni dharura ya familia. Neno lile nililijua, nikasema ndiyo. Akasema atampa ujumbe.

Alimpa kweli, kwa karatasi, lakini karatasi ilimfikia mdogo wangu saa ya kutoka. Iliandikwa: kaka yako amepiga, anasema toa kitambaa. Aliniambia baadaye kwamba aliisoma akatabasamu ndani ya basi. Alidhani hatimaye nimechoka na mambo ya vioo.

Hakumkuta mama kwenye godoro. Alikuwa koridoni, ameketi sakafuni, mgongo ukutani, chini kabisa ya saa ya joto, amevua sweta na kulikunja vizuri pembeni. Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa juu, fundo halijaguswa. Mimi na mdogo wangu tumelizungumza mara nyingi na hatujui. Huenda alikwenda kukitoa kama nilivyomwomba, akaishiwa nguvu. Huenda alikwenda kukaa hapo ili asije mtu akakitoa kabla baba hajazikwa.

Alikuwa hai. Gari la hospitali lilimchukua, wakampasha moto taratibu kwa siku mbili, na siku ya kumi na moja baba alizikwa yeye akiwa kitandani na mipira puani. Mdogo wangu alisimama kaburini na watu wa kanisa sita. Alinipigia ili nisikie udongo ukianguka. Ulikuwa umeganda, ulianguka kama mawe.

Mimi niliongea na mama mara moja tu tangu hapo. Muuguzi alimshikia simu sikioni. Nilisema nisamehe. Aliuliza, "Amezikwa?" Nikasema amezikwa. Akasema, "Basi nirudishieni kitambaa changu, kichwa kiko wazi." Hakuna jambo lingine aliloniambia. Mapafu yalikuwa yameshika maji, na baada ya juma moja akafa, katika chumba chenye joto zuri, mdogo wangu akiwa kazini.

Watu wa kanisa walikuja tena chumbani kwangu Glenwood, wale wale, wakaketi juu ya kitanda na ndoo zilizogeuzwa, wakatoka jasho, wakaimba. Waliniuliza mama kafa na nini. Nilisema. Wengi wao walitazama chini. Mzee mmoja alinishika goti akasema ni mpango wa Mungu. Nikamwambia hapana, ilikuwa mpango wangu, nikaona jinsi alivyoondoa mkono.

Mdogo wangu alikuwa amenipigia siku hiyo hiyo, asubuhi ya kwao.

"Kaka, safari hii vioo tufanyeje?"

Nilisubiri ili nisikie kama kuna sumu ndani ya sauti. Ningeipokea kwa furaha. Haikuwepo. Aliuliza kwa sababu mimi ni mkubwa, na kwa sababu baba na mama hawapo tena, hana mwingine wa kuuliza. Nilitaka kumwambia aache yote, avute mapazia, aketi kitini, ale. Lakini nilimwona mama akitembea ndani ya nyumba ile akitafuta mlango.

"Vioo funika," nikasema. "Saa usiiguse."

"Sawa, kaka."

Alinitumia picha, kama mara ya kwanza, bila kuombwa. Bafuni. Televisheni. Jiko. Pembe zote zimefichwa. Ya mwisho ilikuwa saa ya joto, ukutani, wazi. Imewaka, imeandika ishirini na moja. Pembeni mwa namba, ndani ya ule weusi, alikuwepo mdogo wangu ameinua simu, na kichwani amefunga kile kitambaa cha mama.

Niliitazama hadi kioo cha simu yangu kikazima chenyewe. Kisha nikarudi mezani. Kava la yule mwalimu lilikuwa bado pale, limekatwa nusu ya mviringo. Nikachukua kiwembe, nikamalizia.